Msimtapishe

Nyumba ya kupanga, nyuma ya chuo,
Jumapili mchana.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hali yako huko? Mgongo umekuachia kidogo? Sisi tupo, tunasukuma siku. Baba bado anakohoa na hospitali hataki kuisikia. Unamjua kaka yako.

Nimekaa kimya kwa sababu nimechoka, Shangazi, mpaka kwenye mifupa. Hii shahada ya elimu ya sumu imeninyonya. Asubuhi darasani, mchana maabara, jioni nakariri jinsi ini linavyohangaika na kila tunachomeza. Mtihani wa kemia ya mwili nimeanguka, itabidi niurudie.

Nikienda nyumbani, kaka mkubwa ananisogezea sahani yake: "Onja wewe kwanza, fundi wa sumu." Wote wanacheka. Mimi hata nguvu ya kukasirika sina. Nilikuwa nimeshaamua kuacha chuo.

Juzi nikiwa nafua uani, nilisikia yowe la jirani yangu, fundi cherehani. Binti yake mdogo alikuwa amekunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda. Kufumba na kufumbua, wapangaji wote wamejaa. Mmoja kashika maji ya chumvi, mwingine anamtia mtoto kidole kooni.

"Msimtapishe!" nikapiga kelele. "Yakirudi juu yataingia kwenye mapafu!"

"Wewe mtoto unajua nini?" mwenye nyumba akanifokea. "Leteni maziwa!"

"Maziwa pia asipewe. Tafuteni gari!"

Nikamnyakua mtoto pamoja na ile chupa, mimi na mama yake tukapanda gari kwenda hospitali. Njia nzima nilikuwa na wazo moja tu, Shangazi. Kama nimekosea, nimemuua mtoto wa mtu.

Daktari alinusa chupa, akauliza kama ametapika. Tuliposema hapana, akashusha pumzi. Mtoto alilazwa, akakohoa sana, lakini sasa amerudi na anaburuta viatu vya mama yake koridoni. Mama mwenyewe alikuja chumbani kwangu kushukuru. Akakaa kitandani, akalia, usingizi ukamchukua palepale. Nikamfunika shuka.

Nisikudanganye, uchovu haujaondoka. Ila kesho nakwenda kurudia ule mtihani, na habari ya kuacha nimeiacha.

Nisalimie mapacha, na dada anayekusaidia kuwalea. Mama na kaka mkubwa wanakukumbuka sana. Mungu akulinde, akupe mgongo mwepesi na usingizi mzito.

Wako akupendaye,
Kitinda mimba wa kaka yako