Siku Tulipoanika Blanketi Uzioni

Mdogo wangu mpenzi,

Dada yako anakusalimu sana, wewe na wote walio chini ya paa lako. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto limeamua kuzeeka kabla yangu. Hewa ikibadilika kidogo tu linalalamika kama mpangaji. Natumaini kifua chako kimetulia na wifi yangu anakusimamia unywe dawa, maana nakujua, chupa ikifika nusu unajitangazia umepona. Watoto hawajambo? Na yule ng'ombe mkorofi, bado anamheshimu wifi peke yake na wewe anakupiga mateke?

Uliponipigia ukauliza habari za kiwanda, nilikukatiza nikasema nitakuandikia. Usidhani nilikudharau. Mambo haya hayasemeki kwenye simu huku jirani ametega sikio ukutani, na tena nikiongea huwa narukaruka. Nikiandika, angalau kalamu inanishika mkono. Basi kaa chini, wifi akutilie chai.

Unakikumbuka kiwanda cha blanketi kama ninavyokikumbuka mimi? Nyumba zetu hizi za wafanyakazi, safu mbili zinazotazamana, na mwisho wa mtaa lile jengo refu lenye paa la meno ya msumeno. King'ora kikilia asubuhi mama ameshafunga kitambaa kichwani, na jioni akirudi unaona kitambaa hakikusaidia kitu, nyuzi za sufu zimemjaa mpaka kwenye nyusi, nasi tunamnyonyoa kama kuku huku akicheka. Baba alikuwa idara ya rangi. Kuna wiki ya bluu, kuna wiki ya nyekundu, na mikono yake ndiyo iliyotupa habari. Shuleni uliambiwa umchore baba yako, ukampaka mikono ya kijani. Mwalimu alipouliza, ukamjibu kwa utulivu kabisa kwamba hiyo ndiyo wiki yake ya kijani.

Nami nikaja kufuma humo humo, kwenye mtambo jirani na wa mama, mpaka kiwanda kilipofungwa. Ulikuwa umeshahamia bondeni, kwenye shamba walilotuachia wazee, kwa hiyo hukuona mashine zinavyotolewa zimefungwa kamba kama wafungwa. Lakini jengo halikufa. Seremala aliingia idara ya kufungasha, bado anaranda mbao mle. Watoto wote wa mtaa wamejifunzia baiskeli kwenye ile sakafu laini, harusi zetu tunafanyia humo, na maji ya kunywa na kufulia tunachota kwenye kisima cha kiwanda mpaka leo.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka akaja bwana mmoja wa kampuni, mpole, viatu vyake vinang'aa, amebeba mfano mdogo wa jengo ndani ya boksi la plastiki. Akatueleza kwamba kampuni inataka kununua kiwanja chote, kiwanda pamoja na nyumba, ijenge kituo cha data. Alipoona tunamtazama tu, akafafanua kuwa ni jumba lisilo na madirisha, limejaa kompyuta usiku na mchana, za kuhifadhi picha na sauti na hesabu za watu wa dunia nzima. Mama Cherehani, yule fundi nguo wa nyumba ya kona, akauliza kama na picha zake za harusi zitakaa humo. Bwana akasema zinaweza. Mama Cherehani akasema basi afadhali zibaki kabatini, maana mume mwenyewe alishaondoka. Tulicheka wote, na bwana naye akacheka.

Kicheko kiliisha tulipofika kwenye kisima. Mashine hizo hupata joto, akasema, na hupozwa kwa maji. Sisi tungehamishiwa nyumba mpya nje ya mji, kila familia na ya kwake, lakini si pamoja.

Ndipo mtaa ulipogawanyika, na mgawanyiko ukaanzia mezani kwangu. Mpwa wako Waya, ambaye jina hilo alilipata kwa ufundi wake wa umeme na sasa hata mimi mama yake namwita hivyo, aliutaka ule mradi kwa moyo wote. Kijana yule ameunganisha taa karibu kila nyumba hapa, lakini kazi ya kudumu hajawahi kuishika. Akasema hii ni mara ya kwanza kitu kipya kuja kwetu badala ya kutuacha. Nikamwambia kitu kinachotaka tuondoke ndipo kije, hakiji kwetu. Kuanzia hapo akawa anakula amesimama, sahani mkononi, kama mtu anayesubiri basi.

Siku ya mkutano ambao halmashauri iliuitisha pale kiwandani isikie maoni yetu, Mama Cherehani alipita nyumba kwa nyumba akitaka blanketi. Unakumbuka zile zilizokataliwa kwa kasoro, ambazo wafanyakazi waliruhusiwa kuzichukua? Zimo kila nyumba. Tulizianika kwenye uzio wote wa kiwanda, upande hadi upande. Nami nilitoa ile yetu, yenye mstari mwekundu unaoanza vizuri kisha unapotea katikati, ambayo wewe na mimi tuligombania miaka yote. Mdogo wangu, ungeuona ule uzio! Mistari iliyopinda, rangi zilizochujuka, na wazee wakitembea polepole wakionyeshana kasoro: hii ni ya mtambo wangu, ile ni ya marehemu fulani, alikuwa amechoka siku hiyo. Mzee King'ora, aliyekuwa akibonyeza king'ora, alishika pindo la blanketi moja akasimama hapo muda mrefu. Hata yule bwana wa kampuni alipofika aligusa moja, akasema taratibu kwamba bibi yake aliwahi kumfunika na kama hiyo. Si mtu mbaya. Ningependa awe mtu mbaya, ingekuwa rahisi.

Mkutanoni Mzee King'ora akauliza ni watu wangapi watafanya kazi humo jengo likishakamilika. Bwana hakudanganya. Akasema wakati wa ujenzi watakuwa wengi, baadaye watabaki walinzi na mafundi wachache. Vijana wakaanza kutazamana. Hapo Waya akasimama, mbele ya watu wote, akaeleza vizuri ajabu, bila jazba, kwamba hata hao mafundi wachache ni wengi kuliko walio na kazi leo. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, wewe unalilia king'ora. Mimi sijawahi kukisikia."

Nami nikasimama.

"Silii king'ora, mwanangu. Nauliza tu, hicho chenu kikilia, kitamwita nani?"

Watu walipiga makofi mpaka paa likavuma. Mimi sikusikia vizuri, kwa sababu nilikuwa namtazama mwanangu akitoka mlangoni.

Halmashauri ikakataa kubadilisha matumizi ya kiwanja, kampuni ikabeba mfano wake ikaondoka. Tulisherehekea mle mle kiwandani. Na nani unadhani alifunga taa za sherehe? Waya. Alipanda ngazi, akazitundika zote, akashuka akaenda zake bila kukaa. Nikaona fahari na aibu vinanipanda pamoja, sijui kipi kilitangulia.

Mpaka hapo nadhani ulishazisikia habari hizi, na unajiuliza kwa nini nimetumia karatasi nyingi hivi. Ninachotaka kukuambia hakuna jirani anayekijua.

Asubuhi moja, wiki mbili tu zimepita, Waya alikaa mezani. Alikaa, mdogo wangu, akavuta kiti. Akaniambia yule bwana amempigia simu, kwamba walipenda alivyosema mkutanoni, na kampuni imempa kazi ya kudumu, ya kuzungumza na wananchi mahali inapotaka kujenga. Nilifurahi, sikufichi. Nilimshika uso kwa mikono miwili kama mtoto. Kisha nikamuuliza ni wapi huko. Akatazama chai yake. Akalitaja bonde lenu.

Wanataka ile tambarare ya mtoni, kuanzia darajani hadi uzio wa shamba lako. Nikamuuliza kama ni yeye aliyewaonyesha. Akaapa kwamba walikuwa wameshachagua, lakini aliposikia jina la mahali hakukataa kazi. Alisema ni heri habari hizo ziletwe na mpwa kuliko mgeni. Akaniomba nimwachie akueleze mwenyewe. Nikamwambia sitaweza.

Tangu siku hiyo watu wakinipongeza njiani naitikia na kuharakisha. Sisi hapa tunacheza, kumbe tulichokifagia mlangoni kwetu kimekuja kusimama mlangoni kwako. Ule mto tuliojifunzia kuogelea likizo za shule, baba akiosha mikono yake na rangi isitoke, ndio watakaoutaka wapozee mashine zao.

Atafika kwenu mwisho wa mwezi. Mpokee kama mjomba. Mpe chakula kwanza, anapenda kujifanya hana njaa. Kisha muulize kila kitu, habari za maji, za nyumba, za kazi, wala usimhurumie. Wewe na majirani zako mkiona pana faida, kubalini, lakini usikubali kwa sababu ni mwanangu. Na mkikataa, mkatalie usoni, halafu mtandikie kitanda alale.

Nimempa baraka zangu zote, na nimekuandikia wewe yote haya. Kama mtu mmoja hawezi kufanya mambo hayo mawili, basi mimi nimeshayafanya.

Mkiitisha mkutano nijulishe, goti litapanda basi. Nimeshamwambia Waya kwamba siku hiyo nitakaa upande wako. Akacheka, mara ya kwanza tangu mwaka uanze, akasema tiketi atanikatia yeye.

Nibusie watoto mmoja mmoja, na wifi mwambie nimemkumbuka. Funika kifua.

Ni mimi,
Dada yako