Nafasi Moja ya Nyar Karungu

Mpendwa Mama Apiyo,

Jana nilikuwa Migori, nimerudi Homa Bay leo asubuhi nimechoka. Nilipita maktaba yao kuona kama ile kazi uliyoiacha imekwisha. Imekwisha. Kadi zako zote za maktaba ya huku sasa zimo kwenye kompyuta ya kule.

Unakumbuka kazi hiyo ilivyokula jioni zetu? Kadi zako zilikuwa na utaratibu wake, kompyuta nayo ilikuwa na wake. Ulikaa mezani ukiamua kila kilichomo kwenye kadi kihamie nafasi gani. Jina la kitabu na mada vilihama bila ubishi. Aliyekukwamisha ni Nyar Karungu.

Yule bibi wa Lambwe ndiye aliyekusimulia hadithi ulizozikusanya zikawa kijitabu. Kwenye kadi ulimwandika yeye kuwa mwenye hadithi, kwa jina analoitwa huko alikoolewa: Nyar Karungu, yaani binti aliyetoka Karungu, alikozaliwa. Kompyuta ilitaka jina la ukoo, kisha jina la mtu. Okumu, mwenye kuiendesha kule Migori, akakucheka.

"Shemeji, hilo si jina. Hayo ni maelekezo ya njia."

"Nyanya yako anaitwaje?"

"Nyar Rongo."

"Basi nenda ukamwambie yeye ni maelekezo ya njia."

Hata hivyo tulikwenda Lambwe kumwuliza bibi jina lake la utotoni. Alikuwa akipepeta mtama, na hakuuacha.

"Aliyeniita hivyo ni mama yangu, naye hayupo. Andikeni jina ambalo wajukuu wangu wakinitafuta watanipata."

Ukamwahidi. Kisha ukaugua, na kadi zikahamishwa bila wewe.

Jana nilimwomba Okumu akitafute kijitabu. Penye mwandishi palikuwa na jina lako. Kompyuta ilipomkataa bibi, Okumu alichukua jina jingine lililokuwa kwenye kadi, la mkusanyaji. Nililisoma kwenye kioo kile, herufi kwa herufi. Tangu tuliposimamisha msalaba kaburini kwako, sikuwa nimeliona jina lako limeandikwa mahali popote.

"Mtoe," nikamwambia. "Mweke bibi."

"Baba Apiyo, nafasi ni moja. Nikimtoa shemeji, hatabaki popote humu."

"Najua."

Akanung'unika kwamba wakubwa wake watamgombeza, kisha akaandika Karungu penye ukoo na Nyar penye jina la mtu. Amekaa kinyumenyume, lakini yumo.

Ningependa kukuambia kwamba nilitoka nimeridhika. Nilitoka nikitafuta pa kukaa. Apiyo alijua ninakokwenda, na akirudi kutoka shule ataniuliza kama nilikuona kwenye kompyuta ile. Nitamwambia ulikuwemo mpaka alasiri.

Pumzika, Mama Apiyo. Hakuna kadi iliyobaki.

Mumeo,
Baba Apiyo