Shangazi, Wamekuja Kutupima Tukiwa Wazima

Shangazi yangu, usiyeamini mpaka ushike,

Wamekuja tena. Safari hii hawakuja na gari la spika na fulana za bure kama wale uliowatimua na mwiko mkononi. Alikuja Tatu, jirani yetu wa upande wa reli, siku hizi ni mhudumu wa afya wa kijiji na ana kitambulisho shingoni. Akaingia uani, akakalia kinu kilichopinduliwa, akaniuliza habari za watoto, habari za mpunga, habari za mguu wa mama mkwe wangu kule Tindiga. Nikajua hapa kuna jambo. Tatu hakai kwa mtu bure, wewe ndiye uliyeniambia.

"Mama Salma," akasema, "umewahi kupimwa shingo ya kizazi?"

Nikaendelea kupepeta. "Nimekwambia naumwa?"

"Hujaniambia."

"Sasa umetumwa na nani?"

Akasema zahanati imebadilika. Yeye, nesi na daktari wamegawana nyumba, na kila mwanamke wa umri wetu anafuatwa kwake kabla hajaumwa. Kabla hajaumwa, Shangazi! Nilikusikia sikioni kama vile umeketi nyuma yangu unachambua mchicha: "Anayekutafutia ugonjwa usionao, muulize ataufanyia nini akiupata." Nikamwambia Tatu nitafikiria. Akaondoka. Nilimtazama mpaka akakata kona, nione anaingia nyumba gani kusema habari zangu.

Hivi ndivyo ulivyonilea. Baba alipofariki ulinichukua nikiwa sijui hata kufunga kanga, ukanifundisha kwanza kutoamini. Gulioni Kimamba ulikuwa unazamisha mkono mpaka chini kabisa ya gunia la maharage, muuzaji akinuna, ukaibuka na ngumi yenye wadudu. "Juu wanaweka ya macho," ukaniambia, "chini ndiyo ya kula." Babu yangu, baba yako, aliletwa hapa na ahadi za watu wa mashamba ya mkonge, akazeeka anazisubiri, kwa hiyo kwenu hilo halikuwa neno la kitabuni. Hata Hamisi alipokuja kuniposa ulimpeleka kupasua kuni ili umhoji mjomba wake faraghani. Alipoondoka ulisema jambo moja tu: "Anacheka kabla swali halijaisha. Mwangalie." Nilikasirika siku nzima. Kisha nikaolewa naye, na nikamwangalia.

Sasa nataka niliseme lile ambalo watu hawalisemi. Msibani kwako walinong'ona kwamba ulikufa kwa ubishi, kwamba hukutaka hospitali. Ni uongo. Mimi nilikuwapo.

Hedhi yako ilikuwa imekoma zamani. Halafu damu ikarudi. Niliona kanga zimeanikwa nyuma ya banda la kuku, mahali ambapo hatukuwahi kuanika nguo. Nilipokuuliza ukasema ujana umerudi, tukacheka, ila macho yako hayakucheka. Nikakusindikiza zahanati tuliyokuwa tukienda wakati ule. Bwana tuliyemkuta hakunyanyuka kwenye kiti. Alikuuliza kama mkojo unauma, akasema una UTI, akakupa vidonge. Ulirudi, ikawa UTI. Ukarudi tena, ikawa UTI. Siku ya mwisho ulitoka pale kwa hatua kubwa, mimi nyuma nakimbia, ukasema, "Zuhura, huyu mtu hajanigusa hata mkono. Amejuaje?"

Ukaanza kunywa mizizi. Tulipokufikisha Morogoro, na kutoka Morogoro tukapelekwa Dar es Salaam, daktari kijana akasema kwa upole kwamba mama angekuja mapema ingekuwa habari nyingine. Ulikuwa umekonda, sauti imeisha, lakini ulijiinua kwa kiwiko. "Nilikuja," ukamwambia. "Kamuulizeni aliyekaa kwenye kiti."

Yule kijana alitazama chini.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini nilikwenda zahanati kwa nesi Eliza bila nia ya kupimwa. Nilikwenda kumhoji. Ni binti mdogo kuliko mimi, alinipa shikamoo nikaiitikia nikiwa nimekunja uso. Nikamwambia anionyeshe kila kitu anachokusudia kuniingizia. Akakitoa, akanipa nikishike. Nikanusa kichupa chake.

"Hii si siki?"

"Ni siki, mama. Tunapaka pale kwenye shingo ya kizazi, tunasubiri kidogo. Penye tatizo panageuka peupe."

"Na mkiona peupe mnakata kizazi?"

"Hapana. Hatukati kitu hapa."

"Tatu atajua majibu yangu?"

"Tatu anajua nani amekuja na nani hajaja. Alichokutwa nacho mtu, hajui. Akikuuliza, una haki ya kumwambia hayamhusu."

Hapo ndipo nilipomtajia habari zako, Shangazi, zote, hadi kile kiti. Nilitaka nione kama atamtetea mwenzake. Hakumtetea. Akasema, "Alipaswa kumpandisha kitandani amwangalie. Damu ikirudi kwa mama aliyekoma hedhi si jambo la vidonge. Siku hizi akija mmoja wa namna hiyo tunamwandikia rufaa mara ya kwanza tu, na Tatu anafuata nyumbani kujua kama alifika. Asipofika tunauliza kimemkwamisha nini."

Maneno mazuri. Ya juu ya gunia, nikajisemea. Lakini nilipanda kitandani.

Akapaka, akamulika taa. Akaisogeza taa karibu zaidi. "Mama Salma, kuna weupe." Akaeleza kwamba hiyo si saratani, ni mabadiliko ambayo yakiachwa yanaweza kuja kuwa saratani baada ya miaka. Kuna kifaa cha joto cha kuchoma pale mahali, hakichukui muda. "Tunaweza kumaliza leo hii."

Leo hii! Nikasema moyoni, ndio huo mtego, sasa umefyatuka.

"Haraka ya nini?"

"Hakuna haraka. Ni kwa sababu umeshafika. Wengi wakitoka hapa hawarudi."

"Na mimi nikitoka?"

"Utatoka. Siwezi kukushika."

Nikavaa, nikatoka. Kesho yake nikapanda basi la Mikumi linalopita kijiji cha Ulaya, vumbi mpaka kwenye meno. Hamisi anafanya kazi huko, gereji ya malori kando ya barabara kuu. Lakini sikwenda gereji kwanza. Nilikwenda kituo kingine cha afya, nikajifanya mtu asiyejua lolote, nikasema nimesikia mnapima. Niliyemkuta ni nesi mtu mzima, mnene, asiyependa maneno. Alipaka, akamulika, akasema, "Kuna weupe, upande wa juu." Upande uleule, Shangazi. Watu wawili wasiojuana, na huyu wa pili hata mimi hakunijua. Hapo nikaamini kwamba weupe upo.

Nikauliza unatoka wapi. Akasema ni kirusi kinachopita kwa kujamiiana. Nikatoka pale na ugonjwa wa pili, na huo haupakwi siki.

Nilimkuta Hamisi chini ya lori, miguu nje. Aliposikia sauti yangu alitoka, akacheka kabla sijasema kitu. "Umekuja bila hata simu?" Kabla sijajibu, mama mmoja muuza chakula akapita, akamwekea sahani yake juu ya tairi: ugali, samaki, pilipili pembeni. Hakumuuliza atakula nini. Nilimtazama yule mama. Nilizitazama hereni zake, nikatazama hata kucha.

Nikamweleza Hamisi yote, lori likiwa linaunguruma karibu yetu. Kicheko kikaisha.

"Sasa nani kakileta?" akauliza.

"Ndicho nilichokuja kukuuliza."

"Unaniuliza mimi? Mimi niko huku, wewe uko kule, sijui nani anaingia nani anatoka, halafu unaniuliza mimi?"

Tukatazamana kama watu wanaopakana shamba. Yeye ndiye aliyesema twende kwa huyo nesi, nadhani akitumaini atapewa haki. Na mimi nikaenda nikitumaini hivyohivyo. Yule nesi mtu mzima alitusikiliza mpaka tukamaliza kukatizana.

"Kirusi hiki karibu kila mtu mzima anakutana nacho," akasema. "Wengi kinawatoka chenyewe. Kwa wengine kinakaa kimya miaka mingi. Mkeo anaweza kuwa nacho tangu kabla hamjaonana, au wewe bwana. Sina kipimo cha kunionyesha kiliingia lini wala kwa mlango upi. Mkitaka mshitakiwa, kwangu hayupo. Mkitaka tiba, ipo."

Nikamwambia anitibu yeye. Akaniuliza nyumbani ni wapi, akatikisa kichwa. "Naweza. Lakini kama kwenu wana kifaa, nenda kwao. Mwakani ni lazima uangaliwe tena, na mimi siijui njia ya kwako. Wao wanaijua."

Nikarudi kwa Eliza. Hakunisema. Akanichoma kwa kile kifaa; maumivu yalikuwa kama ya tumbo la hedhi lenye hasira, yakapita. Akaniambia nisikutane na mume kwa muda wa zaidi ya mwezi mmoja. Hamisi alipokuja nyumbani alitandika chumba cha pili bila kuambiwa mara mbili. Ama aliniheshimu, ama ana pa kwenda. Nimekaa na maneno hayo mawili kama mtu mwenye wageni wasiopatana, namkaribisha huyu, kesho namkaribisha yule. Ungekuwapo ungenisaidia kumtazama. Peke yangu nimeshindwa kuona, na nimechoka kunusa mashati.

Mwaka ukapita. Sikuwa nimesahau, nilikuwa ninangoja nione kama wao watasahau. Tatu akaja, akakalia kinu, akasema muda wangu umefika. Nilichunguza majirani wote, nikapiga vijembe kisimani, nione nani anajua, hakuna aliyejua. Huo mdomo wa Tatu uliouogopa wewe, Shangazi, kumbe unafungika.

Eliza aliangalia, akasema, "Pako safi."

"Mwite mwingine aangalie."

Nilidhani atakasirika. Aliita daktari wao, mama mmoja mwenye miwani, naye akainama na taa. "Safi," akasema, na akaniuliza kama nataka kujua kingine chochote. Nilikuwa na maswali mengi, nikashukuru tu. Nikatoka nikaenda kukaa nyuma ya jengo, penye mapipa ya maji, nikalia. Haikuwa furaha. Nililia kwa uchungu kwamba jambo lenyewe ni dogo kiasi hiki: kitanda, taa, siki, na watu wanaokumbuka kukufuata nyumbani. Kwako yalikosekana hayo tu.

Juzi Salma alikuja na habari kutoka shuleni. Watachanjwa wasichana, chanjo ya kuzuia kirusi hichohicho. Akina mama wa mtaani wameshaanza: mara ni ya kuzuia uzazi, mara kwa nini wasichana tu. Hamisi yuko nyumbani wiki hii. Akaniuliza, "Wewe una uhakika nayo?"

"Sina," nikamjibu. "Ndiyo maana kesho kwenye mkutano wa shuleni nakwenda kukaa mbele kabisa."

Na nitakwenda, Shangazi. Nitauliza imetoka wapi, inafanya nini, nani mwingine amechomwa, na nani atakuja kwangu mtoto akipata homa. Nitauliza mpaka walimu waangalie saa. Wakinijibu nikaridhika, mimi mwenyewe ndiye nitakayemkunjia Salma mkono wa sare.

Pumzika sasa. Zamu ya kuuliza ni yangu.

Mtoto wa kaka yako,
Zuhura