Nimemaliza Bilauri Mbele ya Mama Mkwe

Mheshimiwa Mshauri,

Kwa heshima na taadhima nakusihi uniongoze, kwani furaha na fedheha vimenikuta siku moja na sijui kipi nikipokee kwanza. Mimi ni mkazi wa Kintinku, wilaya ya Manyoni, na tangu biashara zifunguliwe enzi hizi za ruksa nimejipatia kazi ya kuwaongoza wageni washukao kwenye treni, tukifuata bonde la Mto Bubu kwa miguu, tukipita mashamba ya zabibu na kuonja mvinyo nyumba kwa nyumba, na kwa hakika njia ile hupendeza mno baada ya mvua, mto umejaa, korongo wametanda majini, mteremko wa Kilimatinde ukionekana kwa mbali, hata wageni husahau kuulizia treni ya kurudi.

Kwa desturi, aliyeleta wageni huonja kwanza ili kuondoa sumu, nami kila nyumba huonja kwa niaba yao, isipokuwa nyumba ya mwisho, yenye mvinyo bora kuliko zote, kwa Mama Damari, mzazi wa mchumba wangu Loyce, kwa kuwa posa yangu imekwisha kupokelewa na kwetu Wagogo mkwe hali wala hanywi mbele ya mama mkwe, hivyo Loyce ndiye huonja nami nikisubiri mtoni. Jumamosi iliyopita Loyce alikuwa kisimani, wageni wakashika bilauri wakanitazama, na mmoja akasema, "Kiongozi, kote umeonja, hapa unakimbilia mtoni. Humu mna nini?" Nikaona jina la wakwe zangu linachafuka, nikanywa, tena nikamaliza, tena nikausifu mvinyo ule kwa maneno unayostahili. Mama akajifunika uso kwa khanga akasema, "Nilidhani nimepata mkwe. Kumbe mteja." Wageni wakacheka, wakanunua mvinyo wote, wakaimba hadi stesheni, lakini Loyce tangu siku hiyo hunipokea kwa neno moja tu: "Karibu, mteja."

Je, nimepoteza uchumba?

Wako mtiifu,
Gasto, Kintinku

Ndugu Gasto,

Pole, ila pole yenyewe ni ndogo. Umeona mto, zabibu na ndege, ukashindwa kuona kwamba mchumba wako hayupo? Ungesema tu, "Hapa ni ukweni kwangu," wageni wangekupongeza na kumsubiri Loyce. Wewe ukamaliza bilauri. Kuonja ni funda moja, ndugu yangu.

Sasa tulia. Wazazi wanaovunja uchumba hurudisha posa. Hujaandika kuwa imerudi, na mtu mwenye kalamu kama yako asingelisahau hilo. Mama aliyekasirika kweli hatanii mbele ya wageni, hukaa kimya. Na huyo Loyce, hata akikuita mteja, bado anakukaribisha.

Jumamosi hii usipeleke wageni. Mtangulize mshenga na beberu, pamoja na blanketi la kumfuta mama aibu. Baki nje ya ua mpaka uitwe. Ukiitwa, msalimu kwa mbali, macho chini, useme, "Nimekosa, mama," kisha unyamaze. Usiongeze sentensi. Mvinyo ukiletwa usiuguse, hata mama mwenyewe akikusihi, maana hapo atakuwa anakupima.

Ukishinda, omba tarehe ya harusi papo hapo kupitia mshenga, na uwaalike wageni wako wa treni. Siku hiyo Loyce awaonjee yeye, nawe kaa kwa wanaume nyuma ya nyumba, mbali na macho ya mama mkwe, unywe kadiri moyo wako unavyotaka.