Kamera ya Baba Itazimwa

Jumatano, Machi 5
Baba amemeza dawa saa moja kasoro. Kama kawaida. Muthoni kamshikia kikombe, mimi nikasema kupitia kamera, "Baba, meza dawa ya presha." Akatazama juu ukutani, akacheka, akameza. Miaka minne tunafanya hivi. Mimi Meru, dukani kwangu kabla sijafungua. Yeye nyumbani Kiritiri, kwenye kiti chake. Akipewa na Muthoni peke yake anatema. Muthoni anamtunza tangu mama afariki, na bado kila asubuhi Baba anamuuliza, "Wewe ni wa nani?" Mimi hanisahau. Sauti yangu, yaani. Sura sijui.
Nimekata sketi kumi na mbili za sare. Joto kali. Mvua haijulikani iliko.

Ijumaa, Machi 7
Barua pepe kutoka Zelmo, wenye kamera. Wanafunga. Hawatengenezi tena, na mitambo yao itazimwa Machi 31. Baada ya hapo kamera zetu zote ni plastiki tu. Wanatushukuru kwa uaminifu wetu.
Nimeisoma mara tatu. Nikaharibu mshono.

Jumapili, Machi 9
Kundi letu la wenye Zelmo limewaka moto kwenye simu. Wengi ni wa Meru na Embu, tulionunua kwa fundi mmoja. Mwenye bucha wa Runyenjes anatukana tangu asubuhi. Mama mmoja wa Kianjokoma anauliza atamwangaliaje yaya wake. Fundi mwenyewe ametoka kwenye kundi bila neno. Mimi ndiye niliyewaleta nusu ya hawa. Niliwaambia hakuna kamera kama hii.
Wengine wanasema si tununue nyingine, yaishe. Sawa. Hawana Baba.

Jumatano, Machi 12
Nimenunua nyingine. Kampuni nyingine, nyeusi, mviringo. Fundi mwingine, wa Embu, ameifunga kando ya ile ya zamani. Nikasema, "Baba, umeamkaje?" Akaijibu ile ya zamani. Nikasema tena. Safari hii akagundua sauti inatoka wapi. Akasimama polepole, akachukua fimbo, akaivunja. Nilimwona mpaka picha ikakatika.
"Kuna mtu anaiga sauti ya mtoto wangu," akamwambia Muthoni.
Ametetemeka mchana kutwa. Kosa langu.

Jumamosi, Machi 15
Tumejaribu simu. Muthoni kamwekea sikioni. Akasikiliza, akairudisha kama kitu kichafu. "Huyu amemwiba Wawira." Hakula mpaka niliposema kutoka ukutani kwamba mimi nipo, sijaibiwa.

Alhamisi, Machi 20
Leo nimemwambia. Nilidhani ni vyema nimtayarishe. "Baba, mwezi ukiisha sitaweza kusema nawe hapa. Nitakuja mwenyewe."
Akauliza, "Unakwenda wapi?"
"Siendi popote."
"Mama yako pia alisema haendi popote."
Nikamwambia ameze dawa. Akameza, lakini hakucheka.

Ijumaa, Machi 21
Muthoni kapiga simu. Baba amemuuliza mara mbili mwezi unaisha lini. Huyu mtu husahau kama amekula. Hili hakulisahau. Naogopa.

Jumatano, Machi 26
Hataki tena kulala kitandani. Anakaa kitini, anatazama kile kitaa cha kijani cha kamera. Muthoni akimshika mkono anasema, "Nyamaza, tutamkosa." Nilipofungua picha leo alikuwa ananitazama tayari. Sijui amekaa hivyo tangu saa ngapi.
Ningeenda leo. Sare za shule ni za Jumamosi. Nimejiambia siku chache hazina neno.

Jumapili, Machi 30
Sare zimechukuliwa. Nimepanga hivi: kesho asubuhi nizungumze naye mara ya mwisho, ameze dawa, kisha nisafiri. Nitafika kabla hajalala. Hatakosa hata siku moja. Mawingu mazito, Muthoni anasema na kwao pia.

Jumatatu, Machi 31
Giza. "Huduma hii haipo tena." Nilidhani mwisho wa siku. Wao walimaanisha mwanzo wake.
Muthoni kapiga, anapumua kama mtu aliyekimbia. Baba alikuta kitaa kimezimika. Aliniita mara tatu. Akavaa koti la kanisani. Muthoni alitoka kufungua mbuzi, akarudi akakuta kiti kitupu.
Naenda.

Jumanne, Aprili 1
Naandika nikiwa kwa Baba. Niweke jinsi ilivyokuwa.
Jana nikiwa bado njiani simu ililia. Mchungaji wetu.
"Wawira? Ni wewe?"
"Ni mimi, Mchungaji."
"Bwana asifiwe. Baba yako yuko hapa sokoni. Anatutangazia kifo chako."
Alitembea mvua ikimnyeshea mpaka sokoni. Akapita kibanda kwa kibanda, kofia mkononi. "Binti yangu amefariki alfajiri. Nisaidieni nimlete nyumbani." Na watu wakamwamini, kwa nini wasimwamini? Nilipofika walikuwa wamempa kiti na chai. Wanawake wanalia. Mmoja, tuliyesoma naye, akaniona akapiga kamsa.
Baba hakushtuka. Alinipa mkono, akanishika kwa mikono yote miwili kama tunavyofanya matangani.
"Asante kwa kuja, mama. Umetoka mbali?"
"Nimetoka Meru, Baba."
"Hata yeye alikaa Meru. Labda mlijuana."

Alhamisi, Aprili 3
Hajameza dawa tangu Jumapili. Nesi amekuja kumpima presha, akapima tena. Akanivuta nje. "Akiendelea hivi atapooza, au mbaya zaidi."
Nikarudi ndani nikapoteza akili. Nikamwonyesha kitambulisho. Nikamwonyesha kovu la panga la mguuni. Nikapiga kelele, "Ni mimi! Wawira ni mimi!" Akaanza kulia, akajificha nyuma ya Muthoni. "Mwambie huyu mama aache. Mtoto wangu hata hajazikwa."
Muthoni akanitoa. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Kwenye kundi mtu ametuma picha ya kamera yake ikiwa ndani ya pipa la takataka, na wengine wanacheka. Nimejitoa.

Ijumaa, Aprili 4
Bado. Uso wake umelegea upande mmoja, au ni macho yangu. Nimetazama kifua chake kikipanda na kushuka, asubuhi mpaka jioni.

Jumamosi, Aprili 5
Leo sikutaja jina langu. Nimeketi naye kwenye benchi la nje, wanapokaa wanaokuja kumpa pole. Bado wanakuja. Wananitazama, wanatazama chini, wanampa pole. Walipoondoka nikamwambia, "Nieleze habari za binti yako."
Amezungumza muda mrefu. Alivyokuwa mkaidi. Alivyokataa kuolewa na mwalimu. Alivyomshonea suruali ya kwanza, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, naye Baba akaivaa kanisani hivyo hivyo. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Mengine hayakuwa yangu, yalikuwa ya marehemu dada yangu. Sikumsahihisha.
Nikatoa vidonge nikaweka kiganjani mwake. Sikumwambia ameze. Akavitazama, akanitazama. Akameza.
Kisha akauliza mazishi ni lini.
Nikasema bado hatujapanga.
"Vizuri," akasema. "Tusiharakishe."
Mvua imepungua. Muthoni anapanda ndengu.