Presha ya Tarehe Tisa

9 Mei

Mwanangu Mama Maswali,

Salamu nyingi. Mimi mzima, cherehani nzima, mgonjwa ni hii programu yako. Kile kimashine cha presha ulichoniletea, kinachokutumia namba chenyewe kupitia simu, leo kimegoma. Simu imetoa maandishi mekundu: "Ufunguo umerudiwa." Ufunguo upi? Wa duka ninao mfukoni. Itengeneze upesi, na namba ya leo ifute tu, haina maana.

Wewe hujambo? Unakula, au ni kahawa tu?

Babako

10 Mei

Shikamoo Baba,

Sijambo, na ninakula. Ufunguo huo ni wa hifadhidata, yaani ghala la vipimo vyako. Kila siku ina mstari wake mmoja, na tarehe ndiyo ufunguo, kwa kuwa unapima mara moja kwa siku. Jana hiyohiyo nilikuwa nimeigeuza tarehe kutoka maandishi ya kawaida kuwa tarehe halisi. Nadhani hapo ndipo nilipoboronga, maana hata namba imevurugika: 178 kwa 104! Wewe ambaye kila jioni nikifungua nakuta 128 kwa 80. Ingekuwa kweli ningeshakuja kukuchukua, duka tukalifunga.

Ulifanya nini kabla simu haijalalamika? Nieleze hatua kwa hatua, nina hamu sana ya kulijua hilo kosa.

Binti yako

11 Mei

Marahaba mwanangu,

Nilibonyeza palepale pa siku zote. Umesema vizuri, namba imevurugika. Nina sare za shule za kushona na mwenyewe amenikalia kichwani, usinichoshe. Ila na mimi nina swali: hivi mashine inajuaje kwamba leo ni leo?

Babako

15 Mei

Shikamoo Baba,

U mzima kweli? Tangu tarehe tisa hujapima.

Swali lako nililicheka, kisha likanikaa akilini. Haijui. Kati ya programu yangu na hifadhidata kuna mkalimani, maktaba ya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, waliyoiandika wengine. Tarehe ilipokuwa maandishi, aliilinganisha herufi kwa herufi, akaona siku ni ileile, akaandika namba mpya juu ya ya zamani, kimya kimya. Nilipompa tarehe halisi, kila inayoingia anaiona ngeni, hata ya siku hiyohiyo. Anataka kuongeza mstari mpya, hifadhidata inamkatalia: siku hii ipo.

Nimejaribu kila njia kuliona kosa hili kwa macho yangu. Kwa kipimo kimoja halitokei ng'o. Linatokea nikituma viwili siku moja: cha kwanza kinabaki, cha pili kinakataliwa. Na linagusa tarehe tu, namba haliigusi.

Basi Baba, 178 ni yako. Kwa muda gani umekuwa ukikifuta kipimo cha asubuhi kwa cha mchana? Naogopa.

Binti yako

20 Mei

Baba, shikamoo.

Bado hujapima. Nimeiondoa tarehe kwenye ufunguo. Sasa kila kipimo kina namba yake ya utambulisho, siku moja inabeba vingi, na hakuna kinachofuta kingine.

Na yale maneno ya kukuhamisha nimeyameza. Wewe na cherehani yako mtabaki hapo hapo. Nenda kwa daktari, kisha upime, basi.

Binti yako

23 Mei

Mwanangu, marahaba.

Usinune. Asubuhi presha ilikuwa ikipanda, nalala kidogo, napima tena mpaka itoke ya kukupendeza. Niliogopa utafunga duka, na bila cherehani sijui ningeamkia nini. Siku ile simu ilipokataa, nikajua nimeumbuka, nikakifungia kimashine kabatini.

Jana nimekwenda kwa daktari. Amenipa vidonge, na amenigombeza kukushinda wewe. Sare nimempa jirani amalizie nusu.

Leo nimepima mara tatu: 171 kwa 98, 160 kwa 95, 162 kwa 96. Ya mwisho imepanda tena, nikaiacha hivyo hivyo. Simu haikusema kitu.

Umeziona?

Babako