Habari ya Kitabu cha Wanyama

Kambi ya Dzaleka, mwezi wa sita, wakati wa baridi

Mdogo wangu Patient,

Pokea salamu za dada yako Solange, wewe na mke wako Chisomo na mtoto wenu Jules. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Nsungwi, Lilongwe, cherehani inazunguka na wateja wanalipa bila kukuzungusha. Nimempa Jean-Pierre, yule anayekuja Lilongwe kununua vitambaa, akuletee mkononi, maana simu yangu huipokei na ujumbe wangu sijui kama unausoma au unaufuta tu. Sikugombezi, nimeacha kugomba. Nakuomba jambo moja: isome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati. Na utakasirika, nakufahamu tangu ulipokuwa huna meno.

Desturi inataka niandike kwamba sisi huku hatujambo. Siwezi. Mama anakwisha, Patient.

Mvua zilipokuwa zinaisha tension, yaani presha, ilimpanda, akaanguka pale pale mbele ya rafu zake za vitabu. Tulimpeleka hospitali ya Likuni. Wale madaktari walimtunza vizuri, lakini waliniambia waziwazi kwamba sehemu ya kichwa iliyokufa hairudi, na nyingine zitaifuata. Mkono wa kushoto umelala. Mimi ananiita Annonciata, jina la shangazi yetu marehemu, na kuna asubuhi ananiuliza kwa heshima zote mimi ni mgeni wa nani. Chakula hataki. Nsima naisonga laini kama ya mtoto anayeota meno, naye anafunga mdomo. Njia niliyoigundua ni moja tu: namuuliza habari ya kitabu fulani, na akifungua mdomo kusimulia, namtia tonge. Ndivyo mama yetu anavyokula siku hizi, kwa kuviziwa.

Wewe uliiacha maktaba yake ikiwa kabati moja, kwa hiyo nikueleze. Sasa ni chumba kizima nyuma ya kanisa, cha matofali ya udongo. Vitabu vipya vya msaada viko chini, watoto wanavichana wanavyotaka, wala mama hajali. Moyo wake uko rafu ya juu, kwenye vile vitabu vya zamani tunavyoviita vitabu vya njia, maana ndivyo watu walivyobeba walipokimbia. Kila kimoja amekifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya bati linalovuja. Lakini hakuna hata kimoja chenye kibandiko cha kuonyesha kimetoka wapi au kwa nani. Mama alikataa. Alisema kule nyumbani majina ya watu yakiandikwa mahali, wanaoyasoma ni wale wasiotakiwa. Habari zote aliziweka kichwani.

Sheria yake ilikuwa moja. Ukitaka kuazima kitabu cha njia, unakaa kwenye mkeka, unasimuliwa habari yake, kisha unairudisha wewe kwa mdomo wako. Ukikosea, anaanza upya. "Kitabu haitoke bila habari yake," ndivyo alivyokuwa akisema, na hata pastori alirudishwa mkekani kama mtoto wa darasa la kwanza. Tulimcheka sana kwa sheria hiyo. Kuna kitabu cha misa cha Kilatini kutoka Bukavu, chenye karatasi nyembamba, ambacho askari walichana ukurasa mmoja mmoja kuanzia nyuma ili wasokote tumbaku. Mwenyewe alipofanikiwa kukinyang'anya, walikuwa wameshavuta Pentekoste yote na wamefika karibu na Pasaka. Kuna kitabu cha nyimbo cha Hatungimana kilichovuka ziwa ndani ya gunia la unga wa muhogo, na mpaka leo ukikifungua unga unadondoka, na mende walioufuata unga wamekula kurasa. Kuna kitabu cha wakunga cha Fidès, cha miaka ya Wabelgiji, ambacho alikitumia kuzalisha wanawake njiani akisoma kwa jicho moja na kuangalia mtoto kwa jingine.

Na kuna kitabu cha wanyama. Ni cha Kiswahili cha zamani cha misheni, hakina jalada, picha zimechorwa kwa kalamu, na kiboko chake ni kama nguruwe aliyeshiba kupita kiasi. Hicho hakijawahi kuazimwa na mtu yeyote. Watoto walikiomba, walimu walikiomba, na mama alijibu neno lile lile, "Hiki bado," akakirudisha juu. Mimi nilidhani habari yake haijui na anaona haya kusema. Nilimtania hivyo mara nyingi.

Sasa kabla ya kuendelea lazima nikurudishe mahali usipopapenda, na mimi pia sipapendi.

Ukoo wetu wote unajua baba yetu Lwaboshi alikufaje. Tulikuwa tumeshatoka Bukavu salama, tuko njiani kwenda Uvira, naye akarudi nyumbani kuchukua sanduku la vitenge vya mama, akauawa. Mama mwenyewe ndiye aliyesema. Alisema kwenye matanga, kule Kigoma, mbele ya wajomba na baba wadogo, kwamba yeye ndiye aliyemtuma. Nakumbuka baba mdogo alivyotema mate karibu na miguu yake, na mama alivyobaki chini ameinama. Tangu siku hiyo hakuvaa kitenge kipya tena. Tumekua na neno hilo ndani ya nyumba, tukila nalo, tukilala nalo. Na siku ile ulipomleta Chisomo tumjue, mama akauliza kama huyu binti wa Malawi ataweza kumzika kwa desturi zetu, wewe ukamjibu kwamba mwanamke aliyemuuza mumewe kwa vitambaa hana haki ya kuzungumzia mazishi. Nilikuwepo. Nilinyamaza kwa sababu moyoni niliona umesema kweli. Ukaondoka, na Jules alikuwa hajazaliwa bado. Mama hajamshika mpaka leo.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Lilongwe, Mmalawi, mtu wa makamo, kazi yake ni vitabu vya kale. Alikuwa amesikia habari za vitabu vyetu, na alitaka kuvipiga picha na kurekodi simulizi zake ili watu wa mjini wazione, wenyewe wakikubali. Nilifurahi na kuogopa papo hapo, kwa maana mama alikuwa ameshaanza kuchanganya. Tulimketisha mama yetu kwenye kiti, watu wakajaa chumba. Akachukua kitabu cha nyimbo akasema hiki askari walikivuta. Hatungimana akainua mkono polepole. "Mama, ya kwangu habakuivuta. Ya kwangu mende njo balikula." Watu wakacheka, mama naye akacheka, kisha akatazama kile kitabu kwa muda mrefu na machozi yakamtoka. Lakini kila alipopotea, alikuwepo mtu aliyewahi kuazima, aliyewahi kukaa mkekani na kurudisha habari kwa mdomo wake, akamsahihisha. Ile sheria tuliyoicheka ndiyo iliyookoa vitabu vyote.

Kisha akanyoosha mkono juu, akataka kitabu cha wanyama. Nilidhani atasema bado. Hakusema. Nafikiri alikuwa amesahau kwamba habari yake haisemwi.

Alisimulia kama anayesimulia mambo ya mtu mwingine. Alisema kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akikimbia na mume wake mwalimu, na watoto wawili. Yule msichana mkubwa alikuwa mbele na shangazi yake. Kijana mdogo alikuwa mgongoni mwa baba. Walipofika upande wa Nyangezi wakapumzika kando ya barabara, jua bado liko juu, na yule mdogo akakumbuka kwamba kitabu chake cha wanyama kimebaki chini ya kitanda. Baba yake alikuwa amemfundishia herufi kwa kitabu hicho. Alilia mpaka sauti ikakauka, na wenzao njiani wakaanza kukasirika, wakisema kilio hicho kitawaita askari. Baba akasema nyumbani si mbali, mtu asiye na mzigo anakwenda na kurudi. Mama akakataa. Baba akamshika mtoto kichwa, akamwambia anyamaze, anaenda kumletea kiboko wake. Akaenda.

Jirani mmoja aliyechelewa kutoka mjini ndiye aliyemkuta barabarani. Kitabu kilikuwa ndani ya shati. Jirani akakichukua, akamfikishia yule mama Uvira. Mama akang'oa jalada kwa sababu ya damu, akalitupa ziwani, na kitabu akakificha chini kabisa ya mzigo, kwa maana mtoto akikiona atauliza nani amekileta. Na watu walipouliza mwalimu alirudia nini mjini, yule mama akajibu kwamba yeye alimtuma, alirudia bikwembe vyake, vile vitenge. "Juu mutoto wa miaka sita hawezi beba baba yake." Hayo ni maneno ya mama, nimekuandikia kama yalivyotoka. Kisha akaomba maji.

Yule mgeni wa Lilongwe alinigeukia nimtafsirie. Nilishindwa. Nilimwambia mama amechanganya tena, hicho tukiache. Nilikwenda moja kwa moja kwa mzee Noël, jirani yetu wa Bukavu, anayekaa karibu na kisima, nikamuuliza kama kweli alirudisha kitabu. Akasema kwamba mama yetu Godelive alimwapisha juu ya kitabu hicho hicho, na kwamba ni yeye aliyekitoa ndani ya shati la baba kwa mikono yake. Akanionyesha mikono, kama kwamba bado kuna kitu.

Basi. Sasa unajua. Barua hii nimeianza na kuichana sijui mara ngapi. Nilijiambia: mama amebeba mzigo huu maisha yake yote ili wewe usiubebe, mimi ni nani wa kuja kukutwika? Angekuwa na akili zake angenizaba kofi. Lakini naona anakufa na jiwe ulilomtupia, ambalo na mimi nililishika pamoja nawe kwa kunyamaza. Nimechoka. Naogopa. Nimemkasirikia hata yeye kwa kutufanya tumchukie bure, halafu namtazama anavyolala na hasira inakosa pa kukaa.

Mdogo wangu, kabla hujajihukumu, mtazame Jules. Ana umri ule ule. Leo akililia mpira wake uliobaki uwanjani, ukaenda kuuchukua na gari likakugonga, ungetaka mtu amwambie nini? Ungemwomba Chisomo aseme uongo wowote, hata wa kumvunjia yeye heshima. Huna kosa. Mama alilijua hilo kabla yetu sote, ndiyo maana hakukuachia hata nafasi ya kujiuliza.

Vitabu sasa vinamtoka kimoja kimoja. Wiki iliyopita kitabu cha misa kilikuwa bado kipo, jana nilimuuliza akanitazama tu, na tonge likabaki mkononi mwangu. Nyimbo zimekwenda, kitabu cha wakunga kimekwenda. Kilichobaki ni cha wanyama peke yake. Analala nacho kifuani, nikimwogesha anakihamishia mkono mzima. Yule mama wa Lilongwe alikiomba kwa upole, akanyimwa. Mimi nilikaa mkekani nikamrudishia habari yote kutoka mwanzo hadi mwisho, sikukosea hata neno, nikaomba kuazima. Alinisikiliza vizuri, akanisifu, kisha akatikisa kichwa. "Hiki iko na mwenyewe. Atakuya." Na kila mtoto anayepita mlangoni, mama anamtazama usoni, anaona siye, kisha anageuza macho.

Njoo, Patient. Usije kuomba msamaha, maana hatauelewa, na hatajua wewe ni nani. Jiandae moyo kwa hilo. Kaa mkekani, mwombe kitabu cha wanyama, kisha mrudishie habari yake kama nilivyokuandikia hapa. Ukikosea ataanza upya, mwache aanze. Na ukifika pale kwa yule mtoto aliyelia, usiseme mtoto. Sema ni mimi.

Jean-Pierre anarudi huku Alhamisi, mnaweza kufuatana naye. Mwambie Chisomo zikomo, asante sana, kwa sabuni aliyotutumia Krismasi bila wewe kujua, sasa umejua. Hatungimana na Fidès wanakusalimu. Mzee Noël hakutuma neno, alisema tu nikuandikie upesi. Nakuacha kwa Mungu wa baba yetu, akulinde njiani.

Mlete na Jules. Jalada halipo, lakini kiboko bado yumo.

Ni mimi dada yako anayekungoja,
Solange